Pawasoo Ilivyoshuka Kutoka Mlimani: Historia ya Kuni na Mbao za Gachoka

Gachoka ni mji mdogo kando ya barabara itokayo Embu kwenda Kiritiri, pale ambapo ardhi nyekundu ya kahawa inaishia na nchi kavu ya Mbeere inaanza. Jina lake limewahi kuwa kubwa kuliko mji wenyewe. Lilikuwa jina la tarafa, tena la eneo bunge zima, hadi uchaguzi wa 2013 ulipofanyika eneo hilo likiitwa Mbeere Kusini. Walio mbali huisikia Mbeere habari zinapotaja mabwawa ya umeme ya Mto Tana, au muguka. Kuni hazitajwi, ilhali ndizo zinazopika chakula katika boma nyingi za huko. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nyumba 55 kati ya kila 100 nchini Kenya hutegemea kuni jikoni, na mashambani hali ni zaidi ya hapo.

Katika historia ya kuni hizo imo mashine moja. Watu wa huko huiita pawasoo, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa na injini ya petroli. Mara nyingi historia yake husimuliwa kama kisa cha uharibifu, na walioishika husimuliwa kama wahalifu. Nadhani kisa hicho huanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kuuliza mti ulikatwa na nini, tuulize mti ulikuwa wa nani. Majibu ya swali hilo yamebadilika mara kadhaa Mbeere ndani ya miaka 100, na baadaye chombo cha kukatia nacho kilibadilika.

Zamani za wazee waliozaliwa kabla ya Waingereza kujenga boma yao Embu mwaka 1906, ardhi ya Mbeere ilikuwa ya mbari. Mti uliokauka ulikuwa wa aliyeuona kwanza. Mwanamke alitoka na panga na kamba ya ngozi, akaokota matawi makavu, akafunga mzigo, akarudi nao mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Mti mbichi ulikuwa na adabu zake. Uliotundikwa mzinga ulikuwa na mwenyewe anayejulikana. Vichaka vya matambiko havikuguswa hata na mwenye njaa ya kuni. Mugaa mkubwa, ule mgunga wenye kivuli kipana, uliachwa kwa sababu mbuzi walikula maganda yake wakati wa kiangazi, na pia kwa sababu shoka lilichoka kabla ya mti. Mti mgumu wenye shina la kukumbatiwa na watu wawili ulimtaka mwanamume ajitolee siku nzima au zaidi. Uzito huo wa kazi peke yake ulikuwa ulinzi.

Serikali ya kikoloni ilileta ulinzi wa aina nyingine. Sheria ya machifu ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri kuhusu ukataji wa miti katika eneo lake, na uwezo huo ulibaki katika vitabu vya sheria muda mrefu baada ya uhuru. Ndiyo asili ya ile desturi ambayo kila mkulima wa Embu na Meru anaijua: kabla ya kuangusha mti, hata uliopanda mwenyewe, unakwenda kwanza kwa chifu. Kule juu, Mlima Kenya ulifanywa msitu wa serikali. Basi watu wa nyanda za chini wakabaki na vichaka vyao, na wa juu wakaziona kuni zikiwa ng'ambo ya mpaka.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya sheria ya 1968 ya kuamua haki za ardhi. Miaka ya 1970 wapimaji waliingia Mbeere, na mbari zikapelekana mbele ya kamati na mabaraza kushindania mipaka. Mwanaanthropolojia Jack Glazier aliishuhudia migogoro hiyo na kuiandikia kitabu kilichotoka 1985. Wenzake wawili, David Brokensha na Bernard Riley, walifuatilia upande wa mimea. Walizunguka Mbeere wakiwauliza wenyeji kila mti una kazi gani, na kazi yao ikachapishwa 1988 katika juzuu mbili. Walichokikuta kinapaswa kusomwa na kila anayepanga mambo ya misitu: watu wa kawaida wa Mbeere, wanawake hasa, walijua kwa undani mno mti upi huwaka polepole, upi hutoa moshi wa kuumiza macho, upi huacha makaa mazuri, na upi haufai jikoni hata ukiwa mkavu.

Wasomi hao walikuta pia kwamba ujuzi huo ulikuwa umeanza kukosa mahali pa kutumika. Shamba lilipopata hati, mti uliosimama humo ulipata mwenyewe. Aliyezoea kuokota kuni kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe alijikuta anapita kando ya ua wa mtu. Tena mti wenye mwenyewe unaweza kuuzwa. Magunia ya makaa yakaanza kupangwa kando ya barabara yakingoja malori ya Nairobi. Kilimo cha tumbaku nacho kilipoenea Mbeere, mabanda ya kukaushia majani yalikula kuni usiku na mchana. Vichaka vya matambiko, ambavyo sasa viliangukia ndani ya shamba la mtu fulani, vingi vilikatwa. Haya yote yalifanywa kwa shoka na panga. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi husahau: sehemu kubwa ya vichaka vya Mbeere iliondoka kabla ya pawasoo kuwa chombo cha mtu wa kawaida.

Dunia nzima ilikuwa imeanza kuziangalia kuni wakati huohuo. Bei ya mafuta ilipopanda 1973, wataalamu waligundua kwamba maskini walikuwa na shida yao ya nishati iliyokuwepo siku zote. Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya mwaka 1981, na miaka hiyo ndipo lilipozaliwa jiko la udongo na bati ambalo lilienea sana mijini. Wangari Maathai alikuwa amekwisha kuanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya jikoni kabisa: wanawake wa mashambani walilalamika kwamba kuni zimekuwa mbali.

Na Mbeere? Mbeere wakati huo ilikuwa inatoa umeme. Kindaruma lilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nyaya zilipita juu ya paa za nyasi zikielekea Nairobi, na chini yake watu walipika kwa kuni. Miaka mingi ilipita kabla ya stima kufika vijijini, na hata ilipofika ilileta taa na chaji ya simu. Sufuria ya githeri ilibaki juu ya mafiga.

Mashine yenyewe ilikuwa na safari yake. Andreas Stihl wa Stuttgart alipata hataza ya msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926. Mwaka uliofuata Mjerumani mwingine, Emil Lerp, alipandisha wa petroli kwenye mlima Dolmar kuujaribu, na mlima huo ukawa jina la kampuni. Hizo zilikuwa mashine za kubebwa na watu wawili. Mnyororo wa wakati ule ulikuwa na meno yaliyokwaruza mti kama ya msumeno wa mkono, na yaliisha makali haraka. Aliyeurekebisha alikuwa Mmarekani Joseph Cox, aliyekuwa akitema kuni jimboni Oregon mwaka 1946 alipomwona buu akitafuna kisiki. Buu yule hakukwaruza. Alikata kushoto na kulia kwa taya zake mbili zilizopinda, akipita kwenye mti mgumu bila kujali mwelekeo wa nyuzi. Cox aliiga umbo hilo kwa chuma, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wake. Meno ya karibu kila pawasoo iliyopo Gachoka leo, ya Ulaya au ya China, yana umbo lililotokana na taya za mdudu yule. Kufikia miaka ya 1950 injini zilikuwa zimepungua uzito kiasi cha kubebwa na mtu mmoja.

Huku kwetu chombo hicho kwa muda mrefu kilikuwa cha wenye viwanda vya mbao na Idara ya Misitu. Mtu wa kawaida aliyehitaji mbao aliwaita wapasuaji wa shimo. Gogo lililazwa juu ya shimo au juu ya jukwaa la nguzo, mmoja akasimama juu, mwingine chini, na msumeno mrefu ukapanda na kushuka kati yao kutwa. Wa chini alipokea vumbi lote machoni. Kazi ilikuwa ya polepole na ya haki kwa mti, kwani ulimi wa msumeno ule ulikuwa mwembamba na mbao zilitoka nyingi. Wapasuaji wazuri walitafutwa kutoka kijiji hadi kijiji.

Pawasoo ilipoenea, ilienea kwanza mlimani, gizani. Katikati ya miaka ya 1990 msitu wa Mlima Kenya ulikuwa unakatwa kutoka pande zote. Mti uliosakwa zaidi ulikuwa kamfa, muthaiti kwa Wagĩkũyũ, ambao mbao yake hailiwi na mchwa. Muuru wa Meru nao haukusalimika. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilirusha ndege juu ya msitu mzima na kuhesabu. Ripoti iliyotoka Agosti mwaka huo ilitaja zaidi ya kamfa 6,000 zilizokatwa, pamoja na matanuri ya makaa zaidi ya 2,000. Pande za Embu, Chuka na Meru zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Kamfa ya miaka 100 na zaidi, mti ambao wapasuaji wa shimo wangehitaji siku nyingi kuumaliza, iliangushwa na kupasuliwa palepale kwa usiku mmoja au miwili, na mbao zikateremshwa kabla ya askari kujua. Hapo siitetei pawasoo. Bila mashine hiyo, hesabu ile isingefika pale.

Serikali ilijibu kwa hatua mbili. Mwaka huohuo wa 1999 ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya serikali, isipokuwa kwa viwanda vichache vikubwa. Mwaka 2000 msitu wa Mlima Kenya ukafanywa hifadhi ya taifa chini ya KWS. Viwanda vya mbao vilivyokuwa vimezunguka mlima vikafunga milango, kimoja baada ya kingine, na watu waliojua kushika pawasoo wakabaki na ujuzi usio na msitu.

Ndipo pawasoo iliposhuka kutoka mlimani ikaingia mashambani.

Ilikuta miti inaingoja. Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, na pamoja na kahawa ulienea mti wa kivuli kutoka Australia, grivelia, ambao Waembu huuita mukima. Mkulima aliupanda mpakani, akaupogoa kila baada ya misimu kadhaa, akapata kuni bila kuua mti. Shina liliendelea kunyooka. Hati za ardhi zilipotoka, safu ya mikima mpakani ikawa pia ushahidi wa mpaka. Kufikia 1999 mashamba ya juu yalikuwa na maelfu kwa maelfu ya mashina yaliyokomaa, na Nairobi ilikuwa inajengwa bila mbao za msitu. Mkulima mwenye karo ya kulipa alimwita dalali, dalali akamwita mwenye pawasoo. Mbao za mbili kwa mbili, nne kwa mbili na sita kwa moja zilianza kutoka chini ya migomba, na malori yakazipeleka Thika na Nairobi. Biashara hiyo ilisomwa sana na watafiti wa kilimo-misitu wa ICRAF na wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, na walikubaliana kwamba shamba dogo lilikuwa limechukua sehemu kubwa ya kazi ya msitu wa serikali.

Gachoka iko chini ya ukanda wa mikima, na watu wake waliingia katika biashara hii kutokea pande zote mbili. Vijana walipanda juu kufanya kazi ya kupasua, wakarudi na ujuzi, na baadaye na mashine. Huku nyumbani waliukuta mukau, mti wa nchi kavu ambao mbao yake inashindana na ile ya kamfa kwa kustahimili mchwa, na mururuku, ambao nguzo yake hukaa ardhini miaka. Pawasoo ikapata kazi tatu: kupasua mbao, kukata kuni kubwakubwa za viwanda na shule, na kusafisha mashamba mapya.

Lazima nikae kidogo kwenye benchi la fundi, kwa maana hapo ndipo penzi la watu hawa kwa mashine yao linapoonekana. Leteni pawasoo iliyokataa kuwaka. Fundi hatafungua chochote kwanza. Atavuta kamba ya starta mara mbili taratibu, asikilize kama pistoni inabana. Kisha atatoa plagi na kuitazama ncha. Ikiwa ya kahawia, moto wake ni mzuri. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, petroli ni nyingi au chujio la hewa limeziba kwa vumbi la mbao. Ikiwa nyeupe, anashtuka, maana injini imekuwa ikipata hewa nyingi kuliko mafuta na pistoni inakaribia kuungua. Injini hii haina tangi la oili kama ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli, sehemu moja kwa 50 kwa oili nzuri, moja kwa 25 kwa ile ya kawaida. Mashine nyingi hufa kwa sababu mtu alikuwa na haraka akamimina petroli tupu. Fundi akifungua silinda ya mashine kama hiyo hukuta mikwaruzo mirefu ukutani, na hapo hakuna la kurekebisha ila kununua silinda na pistoni mpya.

Kabureta ina skrubu tatu. Moja ni ya mzunguko wa pole, ya pili ya mwendo wa kasi, ya tatu ya kuifanya mashine isizime inapopumzika. Fundi huzigeuza kwa bisibisi nyembamba huku amekaza sikio. Sauti ikiwa kali na nyembamba mno, anarudisha robo mzunguko mpaka isikike nzito kidogo, kwa kuwa itakapoingia kwenye gogo itapanda yenyewe. Hilo hujifunzwa kwa kukaa kando ya anayejua.

Halafu mnyororo. Mnyororo wa dukani umenolewa kwa pembe ya takriban nyuzi 30, kwa sababu umekusudiwa kukata gogo kwa upana. Anayepasua mbao anakata kwa urefu, akifuata nyuzi za mti, na pembe hiyo humchelewesha na kuacha uso uliochakaa. Mpasuaji anayejua kazi hukaa chini na tupa yake ya duara, akalinoa kila jino upya mpaka pembe ishuke karibu na nyuzi 10. Anahesabu mivuto ya tupa, mitatu kwa kila jino, wala hakubali jino la kushoto kuwa fupi kuliko la kulia, kwa maana mnyororo wa namna hiyo huvuta upande mmoja na mbao hutoka imepinda. Kisha anapunguza kwa tupa bapa kile kinundu kidogo kilicho mbele ya jino, kinachoamua jino lile liume kwa kina gani. Akikipunguza mno, mashine itaruka mikononi. Kazi hiyo hurudiwa kila tangi la petroli linapokwisha, na mara moja zaidi kama mnyororo umegusa mchanga. Wapo wapenzi wa misumeno hii Ulaya na Marekani wanaokusanya mashine za zamani na kushindana kwa sekunde uwanjani. Mashindano yanayodhaminiwa na Stihl yamekuwepo tangu 1985. Ukimweka mmoja wao kwenye benchi la Gachoka, wataelewana kabla ya kupata lugha ya pamoja.

Mashine inayoheshimiwa zaidi na wapasuaji ni ya zamani: Stihl 070, yenye injini ya karibu sentimita za ujazo 106, nzito, ya kelele, isiyo na madoido. Imedumu nchi za joto kwa sababu fundi anaweza kuifungua yote kwa spana chache na kuifunga tena. Husqvarna nazo zina wafuasi wake. Siku hizi nakala za bei nafuu zimejaa, na vipuri vyake huingiliana na vya mashine asilia kiasi kwamba mashine moja huweza kuwa na mwili wa kampuni hii, silinda ya ile, na baa (ule upanga unaobeba mnyororo) ya nyingine.

Gogo likishaangushwa, hukatwa kwa urefu wa mbao zinazotakiwa na kuwekewa vigingi lisibingirike. Kamba huchovywa kwenye unga mweusi wa betri kuukuu uliochanganywa na maji, au kwenye oili chafu. Watu wawili wanaivuta ikaze juu ya gogo, wa tatu anaiinua katikati na kuiachia. Mstari mweusi ulionyooka unabaki kwenye mti. Mpasuaji anausimamia mstari huo kwa macho na magoti, bila reli wala fremu, akirudi nyuma hatua kwa hatua huku vumbi likimrukia miguuni. Mstari wa futi 10 anaumaliza kwa dakika chache. Mbao ya mpasuaji mahiri hutofautishwa kwa shida na ya kiwandani.

Gharama iko kwenye vumbi. Ulimi wa mnyororo hula karibu sentimita moja ya mti kila unapopita. Ukipasua mbao za inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu, zaidi ya robo ya gogo imekwenda kuwa unga kabla hujahesabu mabanzi na makosa. Ndiyo sababu KEFRI na washirika wake wamekuwa wakihimiza fremu za chuma zinazofungwa kwenye baa ili kuongoza msumeno. Hupunguza makosa na kuokoa mbao. Wapasuaji wengi hawazitumii. Hulipwa kwa futi, na fremu hupunguza mwendo. Mwenye mti ndiye anayepoteza, naye mara nyingi hajui alichopoteza kwa kuwa aliuza mti ukiwa umesimama, kwa kukisia.

Kinachobaki ni cha jikoni. Matawi na mabanzi ni ya mwenye shamba kwa desturi, ingawa hujadiliwa. Siku mpasuaji anapofika, wanawake wa jirani hujua pia, na kabla ya jioni mafungu yamepangwa. Vumbi la mbao huenda kwenye vibanda vya kuku. Vigogo vinene ambavyo shoka lingevishinda hukatwa vipande kwa pawasoo, kisha vikapasuliwa kwa nyundo na kabari, vikauzwa kwa shule na hoteli. Kule juu, viwanda vya chai kama Mungania, Kathangariri na Rukuriri navyo vinachemshia mvuke kwa kuni, na kuni za ukubwa ule haziwezi kukatwa kwa panga. Kwa hiyo pawasoo iliyolaumiwa kwa kumaliza miti imekuwa pia chombo kinachogeuza masalio ya mbao kuwa nishati ya watu, na mwanamke wa Gachoka mwenye mikima au mukau shambani mwake hatembei tena kilomita nyingi kama mama yake. Yule asiye na shamba hununua. Pengo hilo lilichimbwa na hati za ardhi, na mashine imelipanua.

Hatari za kazi hii ni za kutisha. Ncha ya baa ikigusa gogo, mashine hurudi nyuma kwa nguvu kuelekea uso wa aliyeishika, kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuizuia. Breki ya mnyororo iliyobuniwa miaka ya 1970 husimamisha mnyororo kabla haujafika, lakini mashine nyingi za zamani hazina, na kwenye nyingine imefunguliwa na kutupwa kwa sababu iliharibika na kipuri kilikuwa ghali. Wengi hufanya kazi kwa gambuti na shati, bila miwani, bila vizibo vya masikio, bila suruali ya nyuzi zinazoziba mnyororo. Wakifika umri wa miaka 50, wengi wao huzungumza kwa sauti ya juu kwa sababu hawasikii. Mtetemo nao huua hisia za vidole. Wakataji wa Ulaya na Japani waliugua hivyo miaka ya 1960 na 1970 mpaka watengenezaji wakaweka vishikio vya mpira na springi.

Sheria imekuja kwa mawimbi. Kanuni za 2009 zilimtaka mkulima atenge asilimia 10 ya shamba lake kwa miti, na mwaka huohuo kanuni za makaa zikawataka wachomaji wajiunge katika vyama. Sheria mpya ya misitu ilitungwa 2016. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa katika kaunti ya Kitui, ng'ambo ya Tana kutoka Mbeere, na mwezi uliofuata serikali kuu ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo 90 zilidumu zaidi ya miaka mitano, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa zuio hilo Julai 2023. Katika muda wote huo nchi haikuacha kujenga. Macho ya wanunuzi yaligeukia tena mashamba, na pawasoo za Embu na Meru zilikuwa na kazi kila siku. Hilo lilipandisha thamani ya mti wa mkulima, jambo jema; liliangusha pia mikima michanga ambayo ingengoja miaka mitano zaidi.

Upandaji umeanza kuijibu hali hiyo. Mbegu ya mukau ilikuwa kikwazo kwa muda mrefu, kwani imefungwa ndani ya kokwa gumu na huota kwa shida; KEFRI ilitumia miaka mingi kutafuta njia ya kuipasua kokwa, kuichanja mbegu na kuiotesha, na baadaye ikachagua miti mama bora. Sasa yapo mashamba makubwa ya mukau Kiambere, kusini mashariki mwa Gachoka, na wakulima wadogo huupanda pamoja na maharagwe na pojo. Mukau uliotunzwa huweza kuvunwa ndani ya miaka 10 hadi 15. Miti hiyo itakapokomaa, atakayeiangusha na kuipasua atakuwa kijana wa huko mwenye pawasoo.

Kijana huyo hajawahi kufundishwa darasani. Alijifunza kwa kubeba jerikeni ya petroli ya mwingine. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, na vinafundisha useremala, ufundi wa magari na kuchomelea. Serikali ya Embu iongeze somo la pawasoo: kunoa mnyororo, kuchanganya mafuta, kutumia fremu, kuangusha mti salama, na kupima gogo ili mwenye mti alipwe kwa haki. Iwape waliohitimu leseni inayoheshimiwa, na iwawezeshe kununua kofia, miwani na suruali za kinga kwa bei ya chama. Nawe mkulima wa Gachoka, kabla ya kuuza mti wako ukiwa umesimama, mwite mpasuaji unayemwamini, mpige hesabu ya futi pamoja, na upande mikau miwili mahali pa mmoja uliokatwa.